Kiko, Kigoda na Kinu: Mwanamke na Vyombo Vyake katika Picha za Njia ya Tura

Miongoni mwa maswali yanayowafikia watunga istilahi, lipo moja lionekanalo dogo. Zile picha nyeusi za vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, zilizochapwa kwa vipande vya mti vilivyochongwa, tuziite nini kwa Kiswahili? Wengine huziita michoro, wengine michongo, na wengine huridhika kusema picha za zamani. Lakini mchoro ni kazi ya kalamu juu ya karatasi. Na mchongo, kwa watu wengi, ni kinyago au sanamu ya mpingo. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalomweleza msomaji kitu anachokitazama.

Tumeona yafaa kulijibu swali hili kwa njia ya historia, tukichukua mahali pamoja, yaani Tura katika nchi ya Unyamwezi, na jambo moja, yaani mwanamke na vyombo vya nyumbani. Sababu yetu ni hii. Picha hizo hutiwa katika vitabu vya shule na kutundikwa katika kuta za makumbusho, na mara nyingi maandishi yaliyo chini yake hayazidi maneno kama "wanawake wa Kiafrika" au "vyombo vya kienyeji". Picha isiyo na majina yake humfundisha mtoto kwamba mambo yale hayakuwa na majina. Huo ni uongo, na watumishi wa lugha hawana budi kuuondoa.

Jina la Tura

Tura ya leo ni kata katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, na ni kituo cha reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Kabla ya reli, hapa ndipo msafara uliotoka Bagamoyo ulipoingia Unyamwezi baada ya kuvuka Mgunda Mkali, lile pori kavu lililoitenga nchi hiyo na Ugogo. Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapa kabla ya kufika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Speke alirudi pamoja na James Augustus Grant Januari 1861. Naye Henry Morton Stanley alipita Juni 1871.

Burton aliandika kwamba jina hili asili yake ni Tula, yaani amri ya kuweka chini mzigo, kwa kuwa kila msafiri, atokaye mashariki au magharibi, hukawia hapo siku kadhaa. Maelezo hayo yanapatana na kanuni za sauti. Mahali pengi Kiswahili kimeidondosha "l" iliyobaki katika lugha za bara: Wanyamwezi na Wasukuma husema "mbula", sisi twasema "mvua", wao husema "nzala", sisi twasema "njaa". Basi "kutula" kwao ni "kutua" kwetu, na Tura ni "Tua!".

Msafara ulitua Tura kwa sababu ulikuwa na njaa. Katika Mgunda Mkali hapakuwa na soko la kutegemewa. Chakula kilibebwa, na mara nyingi kilikwisha kabla ya pori kwisha. Tura palikuwa na mashamba, na nafaka iliweza kununuliwa. Lakini nafaka si chakula mpaka itwangwe, ipepetwe, isagwe na kupikwa. Vitabu vya historia hutaja pembe, vitambaa, shanga na bunduki. Kinu, ungo, jiwe la kusagia na chungu havitajwi sana, ijapokuwa hapana mzigo wa pembe uliofika pwani pasipo kazi ya vyombo hivyo. Na kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya wanawake. Kazi hiyo haikufanywa vijijini tu. Wanawake walisafiri pia katika misafara, wakibeba vyungu na vibuyu, wakipika kila jioni mahali pa kambi.

Picha ilivyotengenezwa

Kabla ya kuzisoma picha hizo, yatupasa kujua zilivyofanywa. Kuna njia mbili za kuchonga mti kwa ajili ya kuchapa. Njia ya kale ni kuchukua ubao uliopasuliwa kufuata urefu wa mti na kuuchonga kwa kisu. Njia ya pili ilistawishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na Thomas Bewick wa Newcastle. Huyu alitumia kipande kilichokatwa kukingama gogo, hata uso wake ukawa ni zile ncha za nyuzi za mti. Mti wenyewe ulikuwa mgumu sana, wa jenasi iitwayo Buxus, nasi tutauita mbuksi. Juu ya uso huo patasi nyembamba huweza kwenda upande wowote bila kupasua mti, na kuacha mistari miembamba kama nywele. Mahali palipochimbwa hutoka peupe katika karatasi. Mahali palipoachwa hushika wino na kutoka peusi.

Faida ya njia hii ilikuwa kwamba kipande cha mti kiliweza kufungwa pamoja na herufi za risasi na kuchapwa kwa mara moja. Kwa hiyo magazeti ya picha yaliyoanzishwa London tangu 1842 yaliitegemea, na vitabu vya wasafiri pia. Kwa kuwa mbuksi ni mti mdogo, picha kubwa ilifanywa kwa vipande vingi vilivyokazwa pamoja, na kila kipande kiliweza kupewa fundi wake.

Hivyo basi, kutoka Unyamwezi hadi kwa msomaji wa London, picha ya mwanamke ilipita katika mikono mingi. Msafiri alichora kwa haraka. Mchoraji wa mjini aliichora upya juu ya mti. Fundi akaichonga, na mpiga chapa akaichapa. Picha nyingi za kitabu cha Speke cha 1863 zilitokana na michoro ya Grant aliyeiona nchi kwa macho yake; lakini fundi aliyezichonga alikaa katika karakana ya Ulaya, na alilokuwa nalo mbele yake ni karatasi tu. Akiwa hajui kigoda kinachongwaje, alichonga kigoda alichokidhania.

Lipo na jambo la mikono. Kipande cha mti huchapa kinyume: lililo kulia katika mti hutokea kushoto katika karatasi. Mchoraji aliyesahau kugeuza mchoro wake aliwageuza watu. Kiswahili huita mkono wa kulia mkono wa kiume, na wa kushoto mkono wa kike. Basi mwenye kutafiti katika picha hizi ni mkono upi ulioshika mchi au mwiko, na ajihadhari, kwani huenda akauona mkono wa kike mahali palipokuwa na mkono wa kiume.

Baraza ya kiko

Katika kitabu alichokitoa 1860 kuhusu nchi za maziwa, Burton alitia picha ya wanawake wa Unyamwezi wakivuta tumbaku. Katika maelezo yake asema kwamba jioni, kazi zikiisha, wanawake wa kijiji, tangu bibi vizee mpaka wasichana, walikusanyika, wakaketi juu ya vigoda vifupi na magogo, wakavuta viko virefu vyenye vichwa vyeusi. Kijiji anachokisimulia ni Yombo. Humo aliona wanawake watatu ambao uzuri wao ulimshangaza, akawasifu kwa kuwafananisha na sanamu za shaba. Kisha, katika habari hiyo hiyo, akawaita kwa maneno yenye maana ya wanyama wazuri wafugwao nyumbani.

Yatupasa kulitazama neno hilo bila kulipunguza makali. Mwandishi alikaribishwa katika baraza ya wanawake kwa zawadi ya tumbaku kidogo, akaketi, akasikiliza, kisha akawaandika katika hesabu ya mifugo. Lakini vyombo vilivyomo katika habari yake mwenyewe vinamkanusha. Kigoda chasema kwamba mwenye kukalia ana mahali pake. Kiko chasema kwamba saa hiyo ni ya kupumzika, na kwamba mwenyewe ana tumbaku yake na ana watu wa kuvuta nao. Mnyama wa kufugwa hana kigoda, wala hana saa ya mapumziko anayoiamua mwenyewe.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuisoma picha hiyo. Kiko kizima kina sehemu zake: bori ni kile kichwa cha udongo kinachotiwa tumbaku na moto, na digali ni mwanzi utokao katika bori. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, nayo yanazidi kupungua vinywani kadiri uvutaji wa kiko unavyokoma. Tukiyaandika chini ya picha, badala ya kusema tu "wanawake wakivuta sigara za kienyeji", tutakuwa tumeyaokoa maneno mawili na kuisahihisha habari moja.

Kadhalika, kigoda si "kiti kidogo" tu. Ni kiti cha miguu mifupi, kilichochongwa kwa kawaida katika kipande kimoja cha mti. Wapagazi wa Kinyamwezi nao walichukua vigoda vyao safarini, kwa hiyo si halali kukiita chombo cha kike. Katika nchi hiyo hiyo vilichongwa pia viti vya watemi vyenye mgongo mrefu, navyo vilitolewa katika gogo moja, na baadhi yake vina umbo la binadamu mgongoni. Tena utemi haukuwa wa wanaume peke yao. Alipokufa Nyungu ya Mawe mwaka 1884, aliyeshika utawala wake katika Ukimbu, kusini ya Tura, alikuwa mwanamke, jina lake Mgalula. Mwenye kudhani kwamba mwanamke wa nchi hizi alikuwa na kinu tu, na akumbuke kwamba palikuwa na aliyekuwa na kiti pia.

Yasiyoonekana katika picha

Kitabu hicho hicho kina picha ya iwanza, yaani nyumba ya baraza ya kijiji cha Kinyamwezi. Neno hili kwa sauti zake lakaribiana na "uwanja" letu, kama "nzala" ilivyo karibu na "njaa". Burton aeleza kwamba kwa desturi kijiji kilikuwa na iwanza mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na kwamba msafiri aliruhusiwa kuingia ile ya wanaume tu. Kwa hiyo mambo ya ndani ya iwanza ya wanawake hatukuachiwa na mchoraji. Tusiseme basi kwamba picha hizi zatuonyesha maisha ya mwanamke. Zatuonyesha kiasi kile ambacho mgeni mwanamume aliweza kukiona kutoka nje.

Nyumbani nako vilikuwamo vyombo ambavyo msomaji wa pwani huenda asivitambue. Mmoja ni kilindo, chombo cha mviringo kilichotengenezwa kwa gome la mti, cha kuhifadhia nafaka au nguo. Lingine ni jiwe la kusagia: bamba la jiwe gumu lililolazwa kwa mteremko, na jiwe dogo la kushikwa kwa mikono miwili. Kamusi zetu, kwa kuwa msingi wake ni Kiswahili cha pwani, zimetajirika kwa vyombo vya jiko la nazi: mbuzi, kifumbu, kawa, pakacha. Jiko la mtama na uwele halijapata haki yake kwa kiasi hicho. Wala si kwamba maneno hayapo, hayajaulizwa.

Tena lipo jambo zito zaidi. Maandishi ya Kizungu chini ya picha husema "mwanamke" bila kupambanua. Lakini katika Unyanyembe ya karne ya 19, wanaume walipokuwa safarini, sehemu kubwa ya kazi za shamba na nyumba ilifanywa na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake walioletwa kutoka mbali. Kiswahili cha wakati ule kilijua kupambanua: palikuwa na mke, palikuwa na suria, palikuwa na kijakazi. Watatu hao wangeweza kusimama katika kinu kimoja, mchi juu mchi chini, na fundi wa London akawachonga kwa mistari ile ile. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na maneno hayo yamebaki katika mashairi na hadithi. Lakini mwenye kueleza picha za zamani hana ruhusa ya kuyasahau. Akiandika "mama akitwanga mtama" chini ya picha ambayo huenda ni ya kijakazi, ataifanya furaha ya nyumbani kuwa pazia la kuficha mateso. Pale ambapo hali ya mtu haijulikani, heri kutaja kazi na chombo: "kutwanga kwa kinu na mchi".

Majina yaliyoachwa

David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872. Mpishi wake alikuwa Halima, naye alikuwamo katika safari ya mwisho, na baada ya kifo cha Livingstone mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa watu walioleta maiti yake hata pwani. Mwaka 1874 Chuma na Susi walipelekwa Uingereza, wakasaidia kutayarisha kitabu cha safari zile, na picha za nyuso zao zinajulikana mpaka leo. Halima hakupelekwa. Mikono iliyopika chakula cha safari nzima haikuitwa kutoa ushahidi.

Na huko Ulaya kwenyewe hali haikuwa mbali na hiyo. Kazi ya kuchonga mti kwa patasi ilihesabiwa Uingereza kuwa yafaa wanawake, kwa kuwa yafanyika nyumbani mezani. Katika karakana mashuhuri ya ndugu wa Dalziel mjini London, Margaret, dada yao, alichonga pamoja nao kwa miaka mingi. Lakini alama iliyotiwa katika kazi ilikuwa ya jina la ukoo, na watu wakisema Dalziel hufahamu wanaume. Hatusemi kwamba wanawake ndio waliochonga picha za Unyamwezi. Twasema tu kwamba katika ncha zote mbili za ufundi huu, penye kinu na penye patasi, jina la mwanamke lilikuwa jepesi kupotea.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne, ili wasomaji wayapime.

Kwanza, jina la jumla la picha hizi liwe "chapa ya mchongo". "Chapa" huonyesha kwamba ni kitu kilichochapwa, nalo "mchongo" huonyesha njia. Aina ya kale iitwe "chapa ya ubao", kwa kuwa ubao hupasuliwa kufuata urefu wa mti. Na aina ya Bewick iitwe "chapa ya gogo", kwa kuwa kipande chake hukatwa kukingama gogo. Wako waliopendelea "chapa ya kata". Hatuafiki. Neno "kata" lina mzigo wa kutosha: ni upawa wa kuchotea maji, ni ngata ya kichwani ya kuchukulia mtungi, ni sehemu ya utawala, na tena ni kitenzi.

Pili, katika kutaja mambo ya kike tuwe waangalifu. Neno "uke" zamani lilikuwa na maana pana ya hali ya mke na mwanamke. Siku hizi limebanwa na elimu ya mwili. Kwa maandishi ya sanaa na historia, "hali ya kike" latosha, mradi lisitumiwe kama kwamba hali hiyo ni moja kwa mtemi, mke, mpishi na kijakazi.

Tatu, kila picha ya namna hii ichapwapo upya, chini yake yaandikwe majina ya vyombo vyote vinavyotambulika, na sehemu zake: kinu na mchi, kiko na bori na digali, kigoda, kilindo, ungo, ngata, mafiga. Pale ambapo fundi amekosea umbo la chombo, kosa hilo nalo litajwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, majina yasitungwe mezani kabla ya kuulizwa wenye vyombo. Katika vijiji vya Uyui, Sikonge na Nzega wako bibi wanaolijua jina la kila jiwe na kila gome, kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili cha Tabora. Mashine za kusaga zimekwisha kulipumzisha jiwe, nasi hatulilii jiwe, kwani liliwachosha mama zetu migongo. Twalilia jina lake, ambalo halimchoshi mtu kulibeba. Mtafiti aendaye huko na achukue picha hizi mkononi, aziweke mbele ya bibi hao, aulize: hiki ni nini, chafanywaje, nani alikitumia, na hapa fundi amekosea wapi? Majibu yao ndiyo yatakayokuwa istilahi. Sisi wa mezani kazi yetu ni kuyaandika vizuri na kuyarudisha kwao yakiwa yamepigwa chapa.